Siku Kihenge Kilipoungua

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima vya Matogoro, nami nilikuwa nimepiga magoti uani nasaga ulezi. Nilikuwa na miezi minne tu katika ndoa. Mume wangu alikuwa ameondoka kwenda kupigana na Wajerumani, na hatukuwa na habari zake. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe.

Askari wa Wajerumani walichomoza ukunguni kimya kimya, kama watu wa ndotoni. Hawakutuuliza neno. Mmoja alichomeka kijinga cha moto kwenye paa la kihenge chetu cha mahindi, wengine wakaswaga mbuzi, kisha wakashika njia ya kwa jirani.

Nilitaka kukimbilia motoni niokoe hata kapu moja. Mama mkwe akanidaka mkono.

"Acha, mwanangu. Paa linaanguka."

"Tutakula nini, mama?"

Alisimama akitazama. Mahindi yalipasuka ndani, na harufu yake ilikuwa nzuri, harufu ya mahindi ya kuchoma. Mate yakanijaa mdomoni, nikaona haya. Moshi ulipanda taratibu ukaingia kwenye ukungu, nisijue upi ni upi. Mpaka leo huiota asubuhi ile, na katika ndoto moto hauna sauti.

Kisha mama mkwe akakaza kaniki yake kiunoni, akachukua jembe.

"Twende bondeni tukapande viazi. Udongo bado una maji."

"Leo hii?"

"Leo hii. Nikibaki hapa nitautazama moto huu mpaka nife."

Nilimfuata kwa hasira, nikimwona hana moyo. Tulikata marando ya viazi kwenye shamba la zamani, tukainua matuta. Nilipogeuka kumpa fungu jingine nikaona uso wake umelowa machozi. Hakuyafuta. Mikono yake iliendelea kupanda, na hasira yangu ikaniisha.

Njaa ilipokuja tulianza na matembele, baadaye viazi vyembamba kama vidole. Majirani walipoomba marando, aliwakatia. Wengine hawakufikia mavuno.

Mume wangu hakurudi. Nilidhani mama mkwe angenirudisha kwetu, lakini alisema, "Kwenu ni hapa." Miaka ilipopita akaniruhusu niolewe tena, na watoto niliozaa na mume yule mwingine aliwaita wajukuu zake, akawalalisha mgongoni mwake mmoja baada ya mwingine.