Mahindi ya Kwenye Pipa

Kuna watu wamezaliwa kunyamaza na kuna watu wamezaliwa kuongea, na balaa huanza pale wanapooana. Mama Kishingo alikuwa wa kundi la kwanza. Mumewe, ambaye watu waliendelea kumwita Dereva hata baada ya kuachana na usukani, alikuwa wa kundi la pili, na katika kundi hilo nadhani alikuwa mwenyekiti.

Miaka yote Dereva alipokuwa akizunguka na lori, nyumba ilikuwa mikononi mwa huyu mama. Mwanamume alikuja kama mgeni: analishwa, anafuliwa, anasimulia, anaondoka. Nyuma yake mkewe alilima, akavuna, akahifadhi. Majani ya kunde aliyapitisha kwenye maji yanayochemka kisha akayatandaza kivulini ili yasipoteze rangi. Nyanya alizikata vipande vyembamba, akazianika kwenye wavu, na kipande cha chandarua juu yake kwa ajili ya nzi. Maharage aliyachanganya na majivu yaliyochekechwa. Maboga yalipangwa darini mwa jiko, kila moja na nafasi yake, maana yeye alishikilia kwamba boga likigusana na mwenzake huoza kwa wivu. Mahindi yalikaa stoo kwenye magunia, na fukusi walikuwamo, tusidanganyane. Anayesema stoo yake haijawahi kuona fukusi, muulize kama imewahi kuona mahindi.

Lakini roho yake ilikuwa kwa kuku. Walikuwa kuku wa kishingo, wale wenye shingo tupu kama wazee waliovua skafu, na jina lake alilipata kwao. Mama yake mzazi ndiye aliyempa mbegu siku anaolewa, mitetea ndani ya tenga. Majogoo walikuja na kwenda kama wakwe, lakini mitetea yote ya uani ilitoka kwenye lile tenga, mama kwa binti, binti kwa mjukuu. Mama yake alikuwa ameshazikwa zamani. Ukimwuliza alimwachia nini, alikuonyesha kuku.

Na alikuwa mchoyo nao mno. Wifi yake, yaani dada wa Dereva, aliyekaa ng'ambo ya barabara, aliomba mtetea wa mbegu mpaka ulimi ukamwuma. Mwishowe akaomba basi walau mayai. Mama Kishingo akampelekea mayai kwenye bakuli, yamefunikwa kitambaa safi. Wifi akayaweka chini ya kuku wake, kuku akaatamia mpaka akakonda akabaki mifupa na macho. Hakutoka kifaranga hata mmoja. Wifi akavunja yai moja, akakuta limechemshwa. Mama Kishingo alijitetea kwamba alidhani yameombwa ya kula. Tangu siku hiyo wale wawili walisalimiana kwa meno.

Basi Dereva akastaafu. Akashuka na godoro, redio, na mapipa ya plastiki ya rangi ya buluu yenye vifuniko vya kubana kwa pete ya chuma. Hajamaliza hata kunywa maji, ameshaanza ukaguzi. Kamba ya kuanikia ilikuwa imelegea. Mlango wa banda la mbuzi ulifungukia upande usiofaa. Majivu kwenye maharage yalikuwa uchafu. Alipofika kwenye magunia akaingiza mkono, akatoa fukusi watatu wanatembea kiganjani, akawaangalia kama askari aliyekamata wezi.

Siku walipokuja wenzake wa barabarani kumtembelea, na wifi naye yupo, akasema mbele ya wote, "Huyu mke wangu ni mfugaji kwelikweli. Miaka yote hii amefuga fukusi. Kuku ni kazi ya ziada tu."

Walicheka. Wifi alicheka kuliko wote, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mama Kishingo alikuwa ameshika birika. Akamimina chai, akapita kwa kila mtu, akatabasamu, akarudi jikoni. Kile kicheko hakikutoka masikioni mwake tena.

Mavuno yakafika. Dereva akatangaza kwamba mahindi ya mwaka huu yanaingia kwenye mapipa: kifuniko kinabana, hewa haingii, mdudu anakufa. Na maneno hayo, kwa haki yake, yalikuwa kweli. Pipa halikuwa na kosa. Ila pipa linataka mahindi makavu, na mwaka ule mawingu yalikuwa yakicheza na watu: jua linachomoza, turubai linatandazwa, kabla ya adhuhuri manyunyu hayo, turubai linakunjwa. Dereva akachoka kukunja na kukunjua. Akatupa punje mdomoni, akaing'ata, akasema imekauka. Mtu aliyekula vyakula vya njiani maisha yake yote, meno yake yatajua nini kuhusu ukavu?

Mama Kishingo aliingia jikoni. Akachukua chupa kavu, akatia mahindi kidogo na chumvi kavu, akaitikisa, akaiacha itulie, akaigeuza mwangani. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo. Mahindi yakiwa makavu chumvi huanguka chini. Ikiganda, bado yana maji. Alisimama na chupa mkononi. Kule nje mumewe alikuwa akimweleza jirani habari za hewa na mdudu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeligundua hilo jambo yeye mwenyewe. Ilibaki kwenda mlangoni na kusema maneno mawili.

Akaisuuza chupa, akairudisha rafuni.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Ataona mwenyewe. Atafungua pipa atakuta ukungu, na siku hiyo huo mdomo utafungwa, tena mbele ya wifi Mungu akipenda, na nyumba itarudi kwa mwenyewe. Mavuno ya mwaka mmoja yatakwenda na maji, na yaende. Wasilale njaa: magunia mawili aliyatenga kimyakimya, akayakausha juu ya moto wa jiko, kidogo kidogo, mpaka punje zikalia mkononi kama kokoto. Akamwambia mumewe ayaache mapipa yapumzike, watakula kwanza ya magunia. Dereva akakubali. Akafunga stoo ya mapipa, ufunguo akautia mfukoni.

Mama Kishingo akawa anangoja, kama mtu anayengoja mgeni mwenye zawadi.

Alichokuja kukiona kilikuwa kingine kabisa. Dereva alianza kuamka mapema na kuwalisha kuku. "Pumzika, mama," alimwambia. "Hawa nitawashughulikia mimi." Mtu ambaye zamani aliwaita shingo za uchi! Akafagia banda, akabadilisha maji. Habari za mapipa akaziacha kabisa, na hata za barabarani zikapungua. Mama Kishingo alimtazama kupitia dirisha la jiko, ameinama na kopo la lishe, kuku wamemzunguka, na moyo wake ukaanza kulainika bila ruhusa. Alijisemea kwamba labda nyumba imemfunza. Akaanza kumwekea kipande kikubwa cha nyama. Siku nyingine aliamua amwambie afungue mapipa kabla mambo hayajaharibika, kisha akamkumbuka wifi na ncha ya kanga, akasema kesho.

Alichokuwa hajui ni kwamba mapipa yalikuwa yameshafunguliwa. Siku aliyokwenda msibani, Dereva alikuwa ametaka kujionea ushindi wake. Alipolegeza ile pete, joto lilimpiga usoni kama pumzi ya mgonjwa. Mahindi yalikuwa yameshikana donge moja, yana ukungu wa kijani na mweusi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu. Alichokiwaza kwanza ni kicheko: alijua vizuri kinavyofanya kazi, maana alikuwa fundi wa kukitoa kwa wengine. Ndipo akaamua kwamba kuku hula chochote, na wakila taratibu watammalizia aibu yake. Akawa anayaosha mahindi, anayaanika nyuma ya stoo, anawapa kopo kwa kopo.

Kuku wakaanza kupauka vilemba. Mayai yakapungua, kisha yakakoma. Wakawa wanasimama pembeni mwa ukuta, mabawa yameshuka, wanafumba macho mchana kweupe. Akafa mmoja, wakafa wawili, ikaendelea. Mama Kishingo alidhani ni kideri, akanunua dawa, akaitia kwenye maji, akawakamata mmoja mmoja na kuwanywesha kwa kijiko. Lakini kideri hufagia banda zima kwa mkupuo, na hawa walikuwa wanakwenda polepole. Akamwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa kijana wa buti ndefu, mwenye haraka na heshima. Akampasua kuku juu ya kipande cha gunia pale uani, mume upande huu, mke upande ule. Ini lilikuwa kubwa, la manjano, na aliposukuma kidole kidogo tu likabomoka.

"Hawa wamekuwa wakila nini?" aliuliza.

Dereva alijibu kwamba pumba, majani, makombo ya mezani.

"Mzee, hii si kideri. Hii ni sumu ya ukungu. Kuna nafaka mbovu wamelishwa, tena kwa muda."

Dereva akaangalia ndala zake. Halafu akatoa ufunguo mfukoni, akafungua stoo, na harufu ikaeleza kabla yake. Akasema yote, mbele ya mgeni, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Alimalizia kwa kumwambia mkewe: "Nilitaka yaishe kabla hujayaona."

Sasa angalieni. Kitu alichokingoja mwanamke huyu ndicho hicho kimeletwa, mdomo umefungwa, kichwa kimeinama. Angenyamaza pale, kama alivyozoea kunyamaza, lawama yote ingebaki kwa mwanamume mpaka kaburini. Lakini bwana mifugo alimgeukia, akaanza kumweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Mama, safari nyingine kuna njia rahisi ya kujua kama mahindi yamekauka. Unachukua chupa kavu, unatia mahindi kidogo, unatia na chumvi—"

Alivumilia mpaka hapo kwenye chumvi.

"Hiyo naijua, mwanangu. Haya haya niliyapima mimi mwenyewe."

"Safi kabisa. Ikawaje?"

"Chumvi iliganda."

Alilitoa jibu haraka, kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono wa kwanza. Ndipo akasikia alichokisema. Bwana mifugo akapata shughuli ya ghafla ndani ya mkoba wake. Dereva akainua kichwa.

"Ulipima lini?"

"Siku ile."

"Siku ipi?"

"Ulipokuwa unafunga mapipa."

"Ukaona ni mabichi."

"Niliona."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unaongea."

Bwana mifugo aliagiza mahindi yote yafukiwe, asipewe mnyama yeyote, hata nguruwe wa adui. Dereva akachimba shimo nyuma ya stoo, akachimba refu kuliko lililohitajika. Kuku waliobaki nao walifuata, mmoja mmoja, mpaka banda likabaki manyoya.

Wifi alivuka barabara kuja kutoa pole. Kwanza alikuja kuangalia, lakini alipoliona banda uso ukabadilika, akakaa chini. Mama Kishingo, ambaye hakuwahi kumwomba kitu huyu mwanamke, alimwuliza kama anamjua mtu yeyote, popote, mwenye mbegu ile. Wifi alifikiri kwa uaminifu.

"Ningekuwa nayo mimi, wifi yangu, leo ningekurudishia," alisema. "Lakini yale mayai yangu yalikuwa yameiva."

Hakuyasema kwa kejeli, na hilo ndilo lililouma.

Sasa mavuno mengine yamefika. Uani kuna kuku weupe wa kununua, wanakula, wanataga, hawana jina. Mapipa yanakinga maji ya mvua. Dereva hafungi gunia mpaka aambiwe, habadilishi mlango, hakagui kamba. Wenzake wa barabarani wakija anawaitikia tu, na wakiuliza habari za shamba anawaelekeza kwa mkewe. Nyumba imerudi kwa mwenyewe.

Jana walikuwa wanapukuchua mahindi, Mama Kishingo huku na mumewe kule, turubai katikati. Alianza habari ya mbuzi mwenye mimba, ikaishia kwa "ndiyo" ya mumewe. Akaanza habari ya mawingu, nayo ikaishia hivyo hivyo. Mwisho akaokota punje, akanyoosha mkono juu ya turubai lote, akamwambia, "Hebu ing'ate, baba. Wewe waonaje, yamekauka?"

Dereva hakuipokea ile punje.

"Wewe ndiye unayejua," alisema, akachukua gunzi jingine.