Blanketi la Mama Mkwe

Jina lake kamili, kama mwenyewe alivyotaka litajwe, ni Mama Vipande, binti wa Mshona Magunia aliyemaliza magunia ya ghala zima kwa sindano moja na kuirudisha kwa mwenye ghala haijapinda. Mjukuu wa Bibi Kauli aliyekaa kwenye ngazi za mahakama siku tatu mpaka hakimu akachoka kumruka, akamsikiliza. Mjane wa Dereva aliyeendesha lori miaka thelathini bila kugonga hata kuku. Yeye mwenyewe alifika darasa la saba, akaingia kiwanda cha sare za shule, na kwa miaka ishirini na sita akashona mifuko ya mashati. Mifuko tu. Kola zilikuwa za watu wengine. Ukimwambia hiyo ilikuwa kazi ndogo, atakuuliza mfuko wako una matundu mangapi, halafu atauchungulia.

Mablanketi ya viraka aliyaanza alipostaafu. Watu walidhani anajiburudisha. Kweli alijiburudisha, lakini kwa hasira. Blanketi la kwanza lilitokana na mapazia yake mwenyewe, yale ambayo mwenye nyumba aliyang'oa na kuyatupa uani siku alipowafukuza. Aliliita Notisi, na kila mgeni aliyelala kwake alifunikwa Notisi. La pili lilitoka katika ovaroli za Dereva, baada ya kampuni kumuaga kwa saa ya ukutani isiyotembea. Hilo aliliita Saa Mbovu. Kuna jingine liitwalo Sikujua, limeshonwa kwa gauni ambalo rafiki yake aliliazima zima na kulirudisha limechanika kwapani, kisha akasema hivyo hivyo, sikujua. Urafiki uliisha siku hiyo. Gauni lingali kazini.

Alikuwa na masharti yake. Hakununua kitambaa kipya. Kila kiraka sharti kiwe kimevaliwa au kimetumiwa na mtu, na hakukipunguzia kitu: mfuko ulibaki, kifungo kilibaki, hata doa la pasi lilibaki palepale lilipoungulia. Akishapanga viraka juu, blanketi kuukuu katikati na bitana chini, alipiga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kushikiza tu, akavaa subana yake ya chuma kidoleni, akaanza kushona kwa mkono tabaka zote tatu. Kipindi hicho usimsemeshe.

La ishirini na tisa ndilo lililoleta maneno, Blanketi la Mama Mkwe.

Mama yake Dereva alianguka bafuni na hakusimama tena. Alilala miaka minne na miezi miwili, katika chumba cha nyuma cha Mama Vipande, kitanda kikiwa kimeegemezwa dirishani. Mama Vipande ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza ubavu. Bintiye mzee huyo, yaani wifi yake Mama Vipande, alikaa mitaa miwili tu kutoka hapo. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuitwa Mwalimu Mkuu, na ole wako umwite vingine. Katika muda wote ule alikuja mara tisa. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba mapajani, akauliza, "Mama anaendeleaje?" kama anayeulizia matokeo ya mtihani. Siku ya mazishi alisimama akahutubia nusu saa nzima jinsi alivyomshika mama yake mkono. Tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa videvu.

Sasa maktaba ya mtaa ikaandaa maonyesho ya kazi za mikono, na mwenyekiti wa kamati ni nani kama si Mwalimu Mkuu. Mkutubi, kijana mpole asiyejua ugomvi wa watu, alikuja nyumbani kwa Mama Vipande, akatazama mablanketi yote, akachagua lile la mama mkwe. Alieleza kwamba kila kazi itawekewa kadi yenye habari zake. Mama Vipande alimsimulia, kijana akaandika ukurasa mzima. Kisha kadi ikapita kwa mwenyekiti kusahihishwa.

Jumamosi asubuhi Mama Vipande alifika na viatu vyake vya kutokea. Blanketi lilikuwa limetundikwa kwenye fimbo katikati ya rafu mbili za vitabu. Alilikagua pindo kwanza, kuona kama wamelivuta. Halafu akasoma kadi, midomo ikimcheza.

"Blanketi la kumbukumbu ya mama yetu mpendwa, aliyetunzwa na binti yake hadi pumzi ya mwisho. Limeshonwa na mkwe."

Aliisoma mara ya pili, pengine miwani imemdanganya. Miwani ilikuwa safi.

"Wifi," aliita, "hii kadi kaiandika nani?"

Mwalimu Mkuu alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza. Hakugeuka. "Nimeisahihisha mimi. Maelezo yako yalikuwa marefu mno. Halafu na lugha yenyewe, unajua."

"Lugha yangu naijua. Nauliza habari ya kutunza. Aliyemtunza ni nani?"

"Yule alikuwa mama yangu. Nilimtunza kwa namna yangu. Kila siku nilikuwa nafuatilia hali yake."

"Ulikuwa unafuatilia. Kama utabiri wa mvua."

Fundi wa vikapu aliyekuwa akipanga kazi zake meza ya pili alikohoa ili asicheke. Mwalimu Mkuu akageuka.

"Usinivunjie heshima mbele za watu."

"Watu sijawagusa, nagusa kadi." Na kweli aliibandua.

Mwalimu Mkuu aliinyakua, akaibandika tena, akaikandamiza kwa kidole gumba. "Kadi ni mali ya kamati. Ukiitoa tena, na blanketi linashuka, na jina lako linafutwa kwenye orodha. Chagua."

Mama Vipande alifikiri. Akilishusha, mtaa mzima utasema kanuna kwa sababu ya cheo cha wifi yake. Akiliacha, mtaa huo huo utasoma uongo ule na kuubeba nyumbani, na miaka minne ya beseni na shuka itakuwa ya mtu mwingine. Alivuta kiti, akakiweka chini ya blanketi, akakaa, mikono kifuani.

"Basi litabaki," alisema, "na mimi nitabaki nalo."

"Utakaa hapo kama mlinzi?"

"Mlinzi hupewa sare. Nenda kawapokee wageni wako."

Kufika saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Mwalimu Mkuu aliwazungusha wageni na rula yake ndefu, akigusa hiki na kile, sauti yake ile ile ya gwaride la asubuhi. Nyuma yake alitembea bintiye, karani wa posta, akipiga picha kwa simu. Walipofika kwenye blanketi, Mwalimu Mkuu alipitisha rula juu ya kichwa cha Mama Vipande kana kwamba pale kuna kiti kitupu.

"Na hapa," alisema, "mnaona nguo za marehemu mama yangu, ambaye nilimhudumia kwa mikono yangu hii miwili."

Mama Vipande alitazama mbele.

Miongoni mwa wageni alikuwamo mwanamke mrefu mwenye viatu vyeupe vya raba, muuguzi wa wodi ya wazee aliyekuwa kwenye siku yake ya mapumziko. Alisogea, akainama kwenye kiraka cha kati, cha gauni la kulalia la maua ya samawati. Kilikuwa na kamba nyembamba za kitambaa, jozi tatu, zikining'inia.

"Hizi kamba ni za nini?" aliuliza.

"Mapambo," Mwalimu Mkuu alijibu bila kupepesa. "Mama alipenda kupendeza hata kitandani. Nilikuwa namfunga kila asubuhi, hapa kifuani, kama utepe."

"Kifuani?"

"Kifuani, ndiyo."

Muuguzi alishika kiraka kwa vidole viwili, akaufuata mshono kutoka juu hadi chini. Hakuwa na haraka.

"Hizi ni za mgongoni," alisema. "Gauni limepasuliwa nyuma lote, shingoni hadi chini, ili mgonjwa asiyeinuka avalishwe bila kusumbuliwa. Tunafanya hivyo wodini. Samahani mama, umefunga kila asubuhi, halafu hukumbuki ulikuwa unafunga wapi?"

"Ni zamani sana."

"Mimi niliwahi kutolewa wodi hiyo kwa miaka sita. Hata nilikokwenda, nikishika gauni, mikono ilikuwa inatafuta mgongo."

Fundi wa vikapu aliacha hata kukohoa. Muuguzi akauliza nani aliyezishona, na macho yote yakashuka kwenye kile kiti.

"Yalikuwa magauni saba," alisema Mama Vipande, bado akitazama mbele. "Nilianza na jozi mbili, kiuno kikawa kinaachia, nikaongeza ya tatu. Na ukitazama, hazipo katikati. Nilizisogeza kushoto. Alikuwa akipenda kulala kwa kuegemea kulia, fundo lingemchoma."

Muuguzi alitazama, akatikisa kichwa polepole kukubali. Mkutubi, ambaye sasa alikuwa ameelewa alikoingia, alinyoosha mkono akaibandua kadi mwenyewe, akaitia mfukoni.

Mwalimu Mkuu aliibana rula chini ya kwapa. "Umefurahi sasa?"

"Bado."

"Uliyapasua magauni ya mama yangu bila kuniuliza."

"Ningekuulizia wapi? Pale mlangoni, na mkoba wako hujautua?"

"Ungenipisha ningeutua." Sauti ya Mwalimu Mkuu ilishuka, ikawa si ya gwaride tena. "Kila nikija umeshamwogesha, umeshamlisha, umekaa ubavuni kwake umenuna kama uliyemnunua. Ningeshika wapi? Nilijaribu, ukanifukuza kwa macho. Ukaniachia kile kiti."

Neno hilo lilimpata. Mama Vipande aliliona lile beseni la siku ya kwanza, la plastiki ya kijani, mikononi mwa wifi yake, na yeye akimpokonya, akimwambia maji yamepoa. Hayakuwa yamepoa. Lakini hakusema. Alisema, "Mara tisa, wifi. Katika mara tisa usingekosa hata kucha za kumkata."

Mwalimu Mkuu alichukua mkoba wake, akampa kisogo, akatoka kati ya rafu bila kuaga kamati wala wageni. Rula aliisahau juu ya vikapu. Hakuna aliyemkimbilia.

Bintiye alibaki amesimama na simu mkononi, hajui amfuate nani. Mama Vipande alimwita kwa kidole.

"Una kalamu?"

"Ninayo, mkazamjomba."

"Mwandiko wako unasomeka?"

"Posta wanausoma."

"Mwombe yule kijana kadi nyingine, uje ukae hapa. Utaandika nitakavyosema, na usirekebishe."

Binti alipiga magoti, akaiweka kadi juu ya kiti cha karibu. Mama Vipande akasema polepole, kama mtu anayesoma vipimo: blanketi hili ni la magauni saba ya mama mkwe wangu, niliyemtunza miaka minne na miezi miwili. Kalamu ilifuata. Kisha ikasimama.

"Na mama nimwandikeje?" binti aliuliza. "Ni mama yangu, mkazamjomba. Nitarudi kulala naye nyumba moja."

"Andika, binti yake alikuja mara tisa."

Binti aliandika, uso ameukunja.

"Hujamaliza. Andika, siku ya kwanza alishika beseni amwogeshe, nikampokonya, nikasema maji yamepoa. Maji yalikuwa ya moto."

Binti aliinua kichwa.

"Sijasema unitazame mimi," alisema Mama Vipande. "Tazama unachoandika."

Kadi ilipokwisha aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akairudisha ibandikwe. Halafu alimshika binti mkono kabla hajasimama.

"Jumatatu ukitoka kazini uje kwangu na daftari kubwa, lile la mistari. Yako mengine ishirini na nane, na macho yangu yameanza kuniacha. Kwenye mengine mama yako yumo. Kwenye moja baba yako yumo, utaandika hivyo hivyo na hutanuna. Yakiisha, daftari ukae nalo wewe. Na siku mimi sipo, akija mtu kutaka kusahihisha, awe nani, kalamu usimpe."

"Hata mama?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Jumatatu, saa kumi na moja. Usichelewe."