Msamaha Niliotoa Ikutha

Nyumbani Tabora wananiuliza mbona kila mwaka lazima niende Kenya. Dada yangu anaamini nina mwanamume huko. Nimewahi kumjibu kwamba ni asali, mara nyingine kwamba ni vilima, au watu wakarimu. Yote ni kweli, lakini asali tunayo Tabora, na wakarimu pia. Nimekutana na wasafiri wengi wenye nchi moja isiyo yao ambayo hawawezi kuiacha. Ukiwauliza sababu, wanakutajia mandhari. Nadhani wengi wetu tunaficha jambo. Langu ni hili.

Mara ya kwanza nilikwenda kufundisha ufugaji wa nyuki kwa kikundi cha akina mama wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Nilialikwa kwa wiki tatu. Nilishuka Kibwezi, upande wa Makueni, nikapanda gari jingine lililovuka mto Athi na kuingia kwenye vichaka na udongo mwekundu, ambako mizinga ya magogo ilining'inia kwenye migunga kama kwetu. Mwenyeji wangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mjane wa maneno machache. Alinipa chumba cha binti yake.

"Ako Uarabuni," alisema huku akitandika shuka. "Alienda kufanya kazi ya nyumba. Simu yake haiingii. Huu ni mwaka wa pili."

Nilitaka kusema neno, lakini alikuwa ameshatoka.

Wiki ya pili malaria ikaniangusha. Nguo zangu zote zililowa jasho, na siku ya tatu mama yule akanivisha gauni la binti yake, la maua ya bluu. Alinifunga vifungo mgongoni taratibu, akakawia kwenye kile cha mwisho.

Mchana ule ule, mama mzazi wa mwenyeji wangu akaja chumbani. Wote pale walimwita susu, yaani bibi. Macho yake yalikuwa karibu kwisha, akitembea kwa kushika ukuta. Alikaa kitandani, akanipapasa mkono, kisha bega, kisha vidole vyake vikafika kwenye kola ya gauni.

"Umerudi," alisema.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa kuwa sikujua la kusema.

Akacheka kidogo. "Huko Uarabuni wamekufundisha Kiswahili mingi. Kikamba umesahau?"

Yeye Kiswahili chake alikipata ujanani kwenye mashamba ya mkonge, na tangu hapo akaongea nami kwa lugha hiyo. Nilimtazama mwenyeji wangu aliyesimama mlangoni na bakuli la uji. Alitikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Tafadhali, usimkatalie."

Nikanyamaza. Kwa bibi yule, kunyamaza kwangu kulikuwa jibu.

Alikuja siku nne mfululizo. Mara nyingi alinishika tu mkono. Homa ilikuwa ikipanda na kushuka, na kuna nyakati nilipoona jina la binti limeandikwa kwa kalamu ukutani nikaona ni la kwangu. Siku ya nne akasema, "Siku ile umeenda, ulikuja kuniaga. Ukasimama mlangoni. Mimi nilijifanya nimelala."

Akanisogelea kitandani.

"Nilikuwa nimekukasirikia. Niliwaambia usiende, hakuna mtu alinisikia. Kwa hivyo nikafunga macho. Ulisimama mpaka gari ikapiga honi. Nilikuwa macho, mwanangu. Nilikuwa macho saa yote hiyo." Akauweka mkono wake juu ya wangu. "Unanisamehe?"

Mwenyeji wangu hakuwepo. Sikuwa na wa kumtazama.

"Nimekusamehe, susu," nikasema.

Alikaa kidogo, akaniachia mkono, akatoka akishika ukuta. Hakurudi tena chumbani. Nilipopona na siku ya safari kufika, niliondoka alfajiri kabla hajaamka. Sikuwa na ujasiri wa kumuaga. Wiki chache baadaye nilipigiwa simu kwamba amefariki. "Alienda vizuri," mwenyeji wangu alisema. "Alisema mtoto ameshamsamehe. Ni nini alikuwa anasema?" Nilimwambia sijui.

Tangu siku hiyo sikukaa kwa raha. Nikiwa nakaanga vitunguu, au kwenye foleni benki, nilisikia kabisa mkono ule ukiwa juu ya wangu. Nilijiambia kwamba nilimfanyia wema mgonjwa. Halafu nikajiuliza ni nani aliyenipa ruhusa. Mwaka uliofuata nikaenda Ikutha kwa gharama yangu, nikasingizia kukagua mizinga. Mwaka wa tatu nikaenda tena.

Safari hiyo ya tatu, aliyenifungulia lango alikuwa binti mwenyewe.

Alikuwa amerudishwa mwezi mmoja kabla, mwembamba, na kovu la kuungua mkononi ambalo hakulieleza na mimi sikuliuliza. Mama yake alilia alipotukutanisha. Yeye hakulia. Siku iliyofuata asubuhi tulikuwa tunachambua kunde nyuma ya nyumba, wawili tu, akaniuliza bila kuinua macho, "Wanasema susu alikuwa anadhani wewe ni mimi. Aliniambia nini?"

Nikamweleza yote. Mlango, gari, macho yaliyofungwa. Mikono yake haikuacha kazi.

"Nilijua ako macho," alisema. "Susu akilala anakoroma." Akatupa punje mbovu. "Na wewe ukamjibu aje?"

"Nilisema nimekusamehe."

Sasa mikono ikatulia. Kuku alikuja akadokoa kwenye ungo na hakuna aliyemfukuza.

"Ningekuwa mimi," alisema mwishowe, "ningemwacha angoje kidogo."

"Nisamehe," nikamwambia.

"Hapana. Wacha tu." Akaendelea kuchambua. Alipofika nusu ya ungo akasema, "Sema tena vile alisema. Pole pole."

Nikarudia. Tangu mwaka ule, kila nikienda, huja siku akakaa karibu nami na kusema, "Niambie." Nami humwambia, kwa Kiswahili kile kile cha mashamba ya mkonge, bila kupunguza neno. Wakati mwingine mama yake hupita na ndoo akasimama kusikiliza, kisha akaendelea na safari yake. Sauti ya bibi sasa naisikia ikitoka kinywani mwangu, na sina hakika tena kama ndivyo alivyosema au ndivyo nilivyozoea kusema.

Mwaka jana binti hakuuliza. Alikuwa amenenepa, anasimamia mizinga arobaini, anacheka na wateja kwenye simu. Tulirina asali pamoja, tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, tukaenda kanisani Jumapili. Nilikaa naye nyuma ya nyumba asubuhi baada ya asubuhi, nikingoja aseme, "Niambie." Tiketi yangu ilikuwa ya Jumatano. Nikaahirisha, nikamwambia mama yake kwamba mgongo unaniuma.

Nilikaa siku mbili zaidi. Hakuuliza.