Mtani Aliyetumwa kwa Sitan

Sitan Keita wa Segou hakwenda shule hata siku moja, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni kwa miaka ishirini na sita ya kutia nguo rangi. Wanaume wa Chama cha Jembe walimpa uenyekiti wa kina mama kwa sababu alijua kujaza uwanja watu. Wanajeshi walipochukua nchi, nusu ya wanaume hao waliugua ghafla, wengine wakakumbuka mashamba ya wajomba zao. Mumewe, Ntji Dembele, hakuugua wala hakusafiri. Alikamatwa pamoja na wenzake kumi, na huu ulikuwa mwezi wao wa saba gerezani.

Sasa wakubwa wa jeshi walitaka mazungumzo. Ukumbi ulikuwa tayari, na kamera zake. Zilikosekana sura za wapinzani tu. Katibu wa tawi, mwalimu Brehima, aliitisha kikao akashauri watie saini ya kuungana na Chama cha Mwenge, waingie pamoja, angalau wasikilizwe. Mwenge ndio waliowapigia wanajeshi makofi siku ya kwanza. Sitan alisema yeye hakatai kuzungumza, lakini hawa wamewafungia wenzetu na ufunguo wanao mfukoni. Watu watolewe kwanza, itajwe na tarehe ya uchaguzi. Mwenge wakitaka kusimama nasi kwa hayo mawili, karibu, ila wakatae ukumbi hadharani kama walivyopiga makofi hadharani. Kikao kikavunjika bila uamuzi. Wanaume wale walijua kuandika, ndiyo maana walikuwa na haraka ya kutia saini.

Kesho yake asubuhi ofisi ya gavana ikamtuma Zan Coulibaly. Mwingine angefukuzwa mlangoni, lakini Coulibaly na Keita ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikuomba humkatalii, na akikutukana hukasiriki. Waliompanga walilijua hilo. Zan akaweka mkekani kokwa kumi za kola, zawadi ya mwenye ombi, akakaa bila kukaribishwa.

"Wewe kijakazi wangu, bwana wako nimefika na hata maji hujaniletea."

"Maji ya nini, mla maharage? Ukinywa si utavimba?"

Wakacheka. Kisha Zan akashusha sauti. Kina mama wakiingia ukumbini Alhamisi, alisema, Ijumaa Ntji atakula nyumbani kwake. Ntji peke yake.

Sitan alimkumbuka Ntji. Mara ya mwisho alipomwona gerezani alikuwa anakohoa huku ameshika mbavu. Akakumbuka pia wake wa wale kumi, ambao angekutana nao sokoni kila siku ya maisha yake. Akachukua kola moja, akaipasua, akatafuna. Zan akatabasamu.

"Kola yako nimekula, na ombi lako sijalikataa," Sitan akasema. "Nitakuja ukumbini. Nitakuja siku wote kumi na mmoja watakapokuwa wamekaa viti vya mbele. Sasa na mimi nina ombi, au Keita haombi?"

Zan akaacha kutabasamu. Yeye na waliomtuma walikuwa wamesahau kwamba utani una pande mbili.

"Nenda ukamwambie gavana hayo, mbele ya maofisa wake, usipunguze neno."

"Sitan, dada yangu, watanifukuza kazi."

"Basi utalima maharage. Si ndiyo chakula chenu?"

Ilimbidi acheke, na akiwa bado anacheka akajifuta uso. Alikwenda, akayasema yote. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa nayo, na Brehima hakuwa tena na pa kutia saini. Jioni kikao kilipitisha msimamo kama Sitan alivyousema. Alhamisi Mwenge waliingia ukumbini, isipokuwa wawili waliotangaza redioni kwamba wamekataa.

Jumamosi Sitan alikwenda gerezani. Alimweleza Ntji yote, hakujipamba. Ntji alishika waya wa dirisha kwa mikono miwili.

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza, ungekubali kutoka peke yako."

"Ningekubali," Ntji akasema.

Akakohoa. Halafu akageuka, akawaita wale kumi mmoja mmoja kwa majina mpaka wote wakasogea dirishani.

"Rudia," akamwambia mkewe. "Na hawa wasikie ulichomjibu Zan."