Mjuzi wa Nyuso wa Fergus Falls

Verlyn Haugdahl aliuza mazulia pale Fergus Falls, Minnesota, Marekani, tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyetoka dukani bila kuhakikishiwa kwamba zulia lake halitashika doa la kahawa. Yalishika yote. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtu huyu, uzeeni, alijitangaza kuwa bingwa wa kugundua waongo, usicheke haraka. Uzoefu alikuwa nao.

Elimu yenyewe aliipata kwenye kochi. Kila Jumanne televisheni ilionyesha tamthilia ya upelelezi ambamo Daktari Vane, mtaalamu wa nyuso, aliletewa watuhumiwa waliowashinda polisi. Vane hakuhitaji alama za vidole wala damu. Alimkazia mtu macho, akangoja, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hebu rudia hilo." Mtu akigusa pua, kwisha habari yake. Bega moja likipanda, pingu. Tabasamu lisipofika machoni, kifungo cha maisha. Verlyn aliyameza yote hayo bila kutafuna, na kabla majani hayajapukutika alikuwa ameshawanasa mleta barua, mchungaji wa kanisa na daktari wake wa meno, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba amenaswa.

Nyumbani ndiko balaa lilikozidi. Mkewe, Arlys, akisema anakwenda kununua maziwa, aliambiwa arudie. Alirudia, akaenda, akaja na maziwa, na bado Verlyn alitikisa kichwa kama mtu anayejua mengi. Binti yao wa pekee, Britta, aliyekuwa akiishi Minneapolis, alihojiwa kwenye simu mpaka akaacha kupiga, na baadaye akaacha kuja. Ndiyo maana alipoahidi kwamba Sikukuu ya Shukrani, mwezi mmoja kabla ya Krismasi, angekuja na mchumba wake, Arlys alimshika mumewe mkono wa shati.

"Verlyn, nakuomba kitu kimoja tu. Mtoto akiondoka hapa na moyo mweupe, atarudi Krismasi. Akiondoka amenuna, ndiyo basi tena. Huyo daktari wako muache humo humo kwenye televisheni."

"Mimi simsomi mtu. Nyuso zinajisema zenyewe."

"Basi fumba macho."

Siku ikafika. Batamzinga alichomwa na Verlyn mwenyewe, kama kila mwaka, na kama kila mwaka alisahauliwa ndani ya tanuri mpaka nyama ikawa kama sifongo iliyoachwa juani. Watu wa Minnesota wako radhi wakabwe kooni kuliko kumwambia mwenyeji kwamba nyama yake imekauka, na kwa hiyo Verlyn alikuwa amezeeka huku akisifiwa.

Mchumba aliitwa Tobin Ostlund, mwalimu wa hesabu, kijana mrefu mwenye haya, aliyelelewa kijiji cha jirani na kufundwa adabu za kwao: chakula cha mwenyeji hukataliwa mara ya kwanza, hukataliwa kwa upole mara ya pili, na mara ya tatu sahani husogezwa ipakuliwe.

"Ongeza nyama, Tobin," akasema Verlyn.

"Ah, hapana, Bwana Haugdahl, nimeshiba kabisa. Nyama tamu sana." Akagusa pua.

Mwenyeji yeyote wa wilaya ile angesema "kidogo tu" na maisha yangeendelea. Verlyn mwenyewe alikuwa amekataa na kukubali hivyo hivyo tangu utotoni. Lakini aliweka uma chini taratibu.

"Hebu rudia hilo."

"Lipi?"

"Kwamba umeshiba."

"Baba," akasema Britta.

"Nime... shiba?" Bega la kushoto la Tobin likapanda.

"Na mkono wako tangu tukae haubanduki mfukoni. Kuna nini humo?"

"Verlyn, mpe mgeni viazi," akasema Arlys.

"Viazi vitangoja. Toa, kijana. Hapa hakuna polisi."

Tobin aliiva uso mpaka masikioni. Alitoa kitambaa cha karatasi kilichokunjwa, akakiweka mezani, kikafunguka chenyewe. Ndani mlikuwa na vipande vya batamzinga.

"Samahani sana, mzee. Vilikuwa havishuki."

"Usimwombe samahani," akasema Britta. Alifungua mkoba wake akatoa kitambaa kingine, kimenona kuliko cha kwanza. "Mimi naficha tangu nasoma shule ya msingi, Baba. Na Mama je? Muulize. Si wewe mtaalamu?"

Verlyn alimgeukia mkewe. Arlys alikuwa akivitazama viazi.

"Mbwa alipokuwa hai ilikuwa rahisi," akasema.

Iliuma, na ilistahili kuuma. Mtu aliyewasoma wachungaji na madaktari alikuwa ameketi na mwanamke huyu mwaka baada ya mwaka, akimwangalia akisema nyama tamu, asione kitu.

Pai ya maboga ililiwa kwa mazungumzo ya barafu barabarani. Kisha wageni wakaaga. Kwa desturi ya huko watu huagana sebuleni, wakaagana tena mlangoni, wakaagana upya kwenye dirisha la gari, na makoti huanza kuwachoma mwilini kabla hawajaondoka. Siku ile makoti yalivaliwa, mlango ukafunguliwa, na mara gari likawaka. Hakuna tusi ambalo lingekuwa kubwa kuliko hilo.

Verlyn aliwafuata na viatu vya ndani kwenye theluji. Britta akashusha kioo.

"Tutaonana Krismasi, Baba."

Tabasamu liliishia midomoni. Bega moja likapanda. Sauti ikapanda nalo. Verlyn hakuwa ameyatafuta, yalikuja yenyewe, na kwa mara ya kwanza aliomba kwa moyo wote awe amekosea, kama alivyokosea kwa mleta barua. Lile neno la Vane lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Tutawangoja."

Gari likaondoka. Arlys alikuwa amesimama mlangoni na shali mabegani, na uso wake ulionyesha kwamba naye ameona, ingawa hakuwahi kuitazama tamthilia ile mpaka mwisho bila kusinzia.

"Watakuja," akasema Verlyn.

"Watakuja," akasema Arlys.

Hakumwambia arudie.