Anazivisha pete injini zilizonyamaza

Saa moja asubuhi, mwanga unaingia kwenye karakana kupitia matundu ya misumari juu ya bati na kuanguka sakafuni vipande vipande, kama sarafu zisizookoteka. Katikati yake gari dogo la rangi ya maziwa linanguruma taratibu. Fundi ameinama. Ncha ya bisibisi ndefu imegusa injini, mpini uko sikioni, macho ameyafumba.

Zaidi ya ngurumo hiyo, hasikii kitu. Hilo ndilo linalomtia hofu.

"Si nilikwambia?" anasema mama yake, aliyeketi kwenye kiti cha dereva, mkoba mapajani. "Limetulia. Marehemu baba yako alipolinunua lilikuwa likipayuka kutwa. Sasa limezeeka, limepata adabu."

"Mama, hiyo si adabu. Linaumwa."

"Haya, daktari."

Mtaani wanamwita Fundi Pete. Ana miaka thelathini na tisa, na kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa moja: kuzizoesha injini za zamani petroli ya siku hizi, isiyo na risasi. Wateja wapya hucheka wakilisikia neno hilo. "Risasi gani tena, fundi? Kwani gari lilikwenda vitani?"

Huwaeleza polepole, kwa sauti yake ndogo. Risasi hii ni madini, yale mazito lakini laini. Zamani yalichanganywa kwenye petroli, yakaacha utando mwembamba pale valvu inapokutana na kiti chake. Valvu ni kama kope, anasema. Gari likikimbia, hufumbua na kufumba mara ishirini na tano kwa sekunde. Utando ule ulikuwa mto wake wa kulalia. Ulipoondolewa, kwenye injini kongwe zenye viti vya chuma laini, valvu za kutolea moshi zikaanza kujichimbia, zikizama unywele kwa unywele.

Juu ya kila valvu kuna nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa tiki-tiki. Valvu ikizama, nafasi inajifunga na mlio unakwisha. Mwenye gari anafurahi. Haupiti muda, valvu haifungi tena sawasawa, moto unavuja, inaungua.

"Wananiletea gari limeshakufa, wananiambia lilikuwa zima, hata sauti halikuwa nayo," anasema. "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sijui wenyewe walikuwa na gari gani."

Petroli ya zamani haimpi hamu. Baba yake, aliyekuwa fundi kwenye karakana hii hii, aliivuta kwa mdomo kupitia mpira karibu kila siku kwa miaka thelathini. Miaka yake ya mwisho mikono ilitetemeka hata nati haikai vidoleni.

"Daktari hakusema ni petroli, wala hakusema si petroli," anasema. "Risasi ililinda vyuma. Watu haikuwalinda. Nani ataitaka irudi?"

Dawa yake ni kuking'oa kichwa cha injini, ile sehemu ya juu inayobeba valvu, kukikereza kile kiti laini, na kushindilia mahali pake pete ya chuma kigumu. Kichwa kimoja humchukua siku mbili na kumlipa sawa na kibarua cha siku tano. Zamani alipata vichwa sita kwa mwezi. Sasa ni viwili, mwezi mwingine kimoja, maana magari yenyewe yanapungua.

Amefanya vichwa zaidi ya mia nne. Vitatu viliharibika: chuma kilikuwa chembamba, kisu cha mashine kikatokea kwenye njia ya maji ya kupoza injini, basi tena. Kimoja cha hivyo vitatu kilikuwa cha gari kama hili la mama yake. Ndiyo maana kwa miezi saba amelizunguka bila kuligusa. Kichwa kingine cha aina hii amekitafuta kwa wauza vyuma chakavu wote anaowajua. Hakuna.

Lakini kila Jumamosi mama yake hupanda mlima na gari hili kwenda kumwogesha mdogo wake, ambaye hainuki tena kitandani. Wiki mbili zilizopita liligoma katikati ya mlima.

"Nikarudi kinyumenyume," mama anasema. "Mama yako mdogo alinisubiri mpaka maji yakapoa."

Fundi anamwambia kichwa lazima king'olewe.

"Na ukikiharibu?"

"Nitakuwa nimekiharibu, mama."

Mama anautazama usukani kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. "Basi livishe pete."

Kesho yake, pete nne ziko kwenye friza ya muuza barafu jirani, maana chuma kikipoa hunywea, na kichwa kikipashwa moto hupanuka; vikirudi joto moja, pete hubana. Jirani haiachi fursa hiyo ya utani.

"Bibi harusi anatetemeka tangu jana," anaita kutoka mlangoni. "Mahari italetwa lini?"

"Mahari yako moshi, jirani. Utaupata Alhamisi."

Mashine ya kukereza inashuka juu ya kichwa. Unga wa kijivu unamwagika pembeni, mwepesi, unaelea kwenye mwanga. Shimo la kwanza, milimita sita. La pili, sita. Fundi haongei. Anasema kazi hii humfanya aote macho wazi, ajione mdogo, akitembea ndani ya kuta za chuma na kusikia maji upande wa pili.

Shimo la tatu anasimamisha mashine kwenye milimita tano na nusu. Sauti ya kisu imebadilika, imekuwa kama ya mtu anayegonga mtungi. Anamimina maji kwenye njia yake, anasubiri. Hayatoki.

"Chuma kimeniambia basi," anasema kwa kunong'ona.

Nusu saa nzima anaisugua ile pete juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo, mpaka ipungue nusu milimita. Kisha anairudisha kwenye baridi.

Alhamisi gari linawashwa. Tiki-tiki-tiki. Mama anakunja uso.

"Limeanza maneno tena."

"Liache liseme, mama."

Mama anasikiliza, kidole kikifuata mlio juu ya usukani. "Basi Jumamosi mama yako mdogo atatusikia tangu bondeni," anasema. "Ataanza kulalamika kabla hatujafika."

Fundi Pete anapanga kupanda naye mlima huo, dirisha wazi. Mwezi ujao ataifungua injini na kuingiza kibati chake cha kupimia juu ya kila valvu, hasa ile ya tatu.

"Nafasi yenyewe nyembamba, hata ukucha haupiti," anasema. "Nataka tu niikute palepale nilipoiacha."