Salamu za Nje ya Kamba

Watu wa Kitangari walimwita Anselmo kwa jina la Baba Winfrida, ingawa Winfrida mwenyewe hakuwa amelala chini ya paa lake kwa miaka kumi na mmoja. Mama yake alipofariki, wajomba walikuja wakamchukua mtoto, wakampeleka Chiwata kwa mama yake mdogo, kama ilivyo desturi yetu. Anselmo hakubisha. Alibaki na jina.

Kazi yake ilikuwa kujenga matangi ya maji ya mvua chini ya ardhi. Wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia na malori yao, wenye mikorosho mingi waliezeka bati, na aliyeezeka bati alitaka tangi, mkewe aache kushuka bondeni na ndoo. Anselmo alichimba, mimi nikavuta udongo juu.

Alikuwa na masharti. Udongo nikaumwage mbali, usielemee ukingo. Kuta zibanwe kwa mbao kila shimo linapozidi kimo cha kifua. Ngazi isiondolewe hata kwa dakika moja. Na kulizunguka shimo tufunge kamba ya katani, hatua nne kutoka ukingoni, asiivuke mtu.

Kamba hiyo ndiyo iliyowaudhi watu. Huku kwetu hupiti palipo na mtu mzima bila kumwamkia, na kumwamkia kwa kupiga kelele toka mbali ni kukosa adabu. Unamsogelea. Ndivyo alivyokufa Jafari, mwenzake wa kwanza. Siku ya pili ya Idi watu wanne walisogea kumsalimia akiwa shimoni, ukingo ukakatika nao. Wao walitoka.

"Fundi, umekuwa waziri?" alimtania Mama Loveness siku moja. "Mpaka tuombe nafasi ya kukuamkia?"

"Omba kwa Mahmudu," alijibu toka chini, akimaanisha mimi.

Mama Loveness alicheka, lakini wengine waliacha kupita. Tulikula mihogo yetu wawili, bila maneno mengi. Mimi si mzungumzaji, na yeye alikuwa amezoea.

Mwaka tisini na sita tulikuwa tukichimba kwa Mzee Abrahamu. Nilikwenda kumwaga udongo nyuma ya nyumba. Niliporudi, msichana mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekwisha kuinama chini ya kamba na kusimama ukingoni. Mchanga ulianza kuchuruzika miguuni pake.

"Shikamoo, baba."

"Toka hapo!" Anselmo alipiga ukelele. "Toka! Rudi nyuma!"

Msichana alirudi nyuma. Alinitazama mimi, macho yamejaa machozi. Nilijua ni nani, maana ana paji la uso la baba yake. Nilipaswa kumwambia habari za Jafari. Maneno mawili matatu tu. Nikatazama chini, nikashika ndoo. Aliporudi barabarani, gari la Masasi lilikuwa likipakia.

Anselmo alipanda ngazi mbio. "Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Hukumwambia?"

Aliitazama barabara mpaka vumbi likatua, kisha akashuka kuongeza mbao pale mchanga ulipochuruzika. Wiki mbili hakuniita kwa jina.

Jumapili ya tatu nilipanda gari kwenda Chiwata, na njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Winfrida alinipa kigoda, akanisikiliza. Nilipomaliza habari za Jafari, aliuliza, "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Niliona aibu."

"Baba naye?"

"Yeye aliogopa."

Hakusema kama atakuja. Wala sikumwambia Anselmo kwamba nilikwenda, maana ningempa la kungojea.

Alikuja tukiwa tumeanza shimo jingine, la shule. Alisimama nje ya kamba, mtoto mkononi, kimya. Hakuamkia. Aliniashiria tu kwa kidevu.

Nikalala kifudifudi juu ya ubao. "Baba Winfrida, una mgeni."

"Nani?"

"Panda umwone."

"Amevuka kamba?"

"Hajavuka. Hata salamu hajatoa."

Sururu ilinyamaza. Alipanda polepole, akijipangusa udongo mwekundu usoni kwa mkono ambao nao ulikuwa mwekundu. Mtoto alipomwona alilia, akaficha uso shingoni mwa mama yake.

"Ana haki," Anselmo alisema. "Hanijui."

Akakaa chini palepale, upande wake wa kamba, angojee mtoto anyamaze.